Gari ya Familia Unguja: Ukaguzi Uanzie Chini

Kutoka Nungwi, kaskazini, mpaka Makunduchi, kusini, ni mwendo wa saa mbili hivi, na Masingini, mahali palipoinuka kuliko pengine pote Unguja, hapafiki hata mita 150 juu ya usawa wa bahari. Gari ya familia kisiwani hapa haimalizwi na masafa wala milima. Inamalizwa na chumvi ya bahari, na foleni ya Darajani saa saba mchana huku AC imefunguliwa mpaka mwisho, na mawe ya njia za ndani, na maji ya masika ambayo dereva hajui kina chake. Mnunuzi wa gari iliyotumika anayewajua maadui hawa wanne ana nafasi nzuri ya kupata gari itakayomfaa kwa miaka. Wengi, hata hivyo, huanza kwingine: rangi inayong'aa, redio yenye skrini, rimu mpya, na namba ya kilometa kwenye dashibodi.

Gari ya juu ina sababu zake hapa. Bibi mwenye maumivu ya goti huingia bila ya kujikunja. Watoto watatu hukaa nyuma na mikoba ya skuli, na jioni hupelekwa chuoni kwa gari hiyo hiyo. Siku ya harusi ya Bububu au maziko ya Kizimkazi hupakiwa watu, masufuria na mikeka. Kubwa zaidi ni njia. Barabara kuu ni za lami, lakini mita mia chache za mwisho kufika nyumbani, iwe Fumba, Chukwani, Matemwe au Jambiani, mara nyingi ni mawe. Upande wa mashariki ardhi ni maweni, jiwe la matumbawe lililochomoza na lenye ncha, na jiwe hilo halimsamehe mwenye gari ya chini.

Kinachotakiwa hapo ni nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Fowili ni jambo jingine. Katika kisiwa kisicho na milima, familia inayoishi Mbweni au Kiembesamaki na kwenda Paje mara moja kwa mwezi inaweza kukaa miaka kumi bila ya kuihitaji. Fowili ina shafti ndefu, difu ya nyuma, oili zake na sili zake, na yote hayo huongeza uzito, mafuta na gharama ya fundi. Ikiwa zipo gari mbili za aina moja, moja ya fowili yenye kutu na nyengine ya magurudumu mawili iliyo safi, mnunuzi achukue ile safi. Fowili inampasa anayelima ndani kabisa, au anayeingia mchangani kila wiki kwa kazi yake.

Wakaazi wa Mji Mkongwe wana hesabu yao. Vichochoro vya Shangani na Mkunazini vilijengwa kwa ajili ya watu, punda na hamali, kwa hiyo gari hulala nje, pengine Mizingani, Malindi au Mnazi Mmoja, ikipigwa na upepo wa bahari usiku kucha. Ng'ambo, kama Kikwajuni au Vikokotoni, gari huingia lakini kwa kubanwa, na hapo upana una maana kuliko nguvu za farasi. Toyota Rush ina upana wa milimita 1,695, kwa sababu ilitengenezwa ili isivuke kipimo cha Japani cha gari ndogo, milimita 1,700. RAV4 ya kizazi cha tatu ina 1,815, na Prado 150 ina 1,885. Tofauti ya Rush na Prado ni sentimita 19, na hizo ndizo zinazoamua kama kioo cha pembeni kitabaki mahali pake mtaani. Mnunuzi apime njia ya nyumbani kwake kwa tepu kabla ya kwenda kuangalia gari yoyote.

Kisha aseme kweli kuhusu idadi ya watu. Familia ya watu watano isinunue viti saba kwa sababu ya sikukuu mbili za mwaka. Viti vya safu ya tatu katika gari nyingi za ukubwa huu ni vya watoto, na vikifunguliwa buti hubaki nafasi ya mkoba mmoja. Wenye watoto wanne au zaidi, au wanaoishi na wazee, wana haki ya kuvitafuta, na kwao Toyota Vanguard, Kluger, Mitsubishi Outlander, X-Trail ya T32 yenye safu tatu, na Prado ndiyo majina ya kuanzia.

Sasa kutu, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea.

Gari nyingi za Unguja zimetoka Japani, na Japani si mahali pamoja. Mikoa ya kaskazini, Hokkaido na Tohoku, hunyeshewa theluji, na barabara zake humwagwa chumvi ili barafu iyeyuke. Gari iliyoishi huko miaka kumi hufika bandarini na rangi nzuri juu na kutu iliyokwisha kuanza chini, kisha hulazwa Mizingani ikaongezwa chumvi ya bahari. Kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi au kwenye vichwa vya skrubu haina neno. Hata gari nzuri inayo. Inayotisha ni ile inayotoka vipande vipande: kwenye fremu inayobeba injini, kwenye mikono ya magurudumu ya nyuma, ndani ya madigadi, mahali shokapu zinapofungwa kwa juu, na kwenye mabomba membamba ya breki yanayopita chini ya sakafu. Bomba la breki lililoliwa hupasuka siku dereva anapokanyaga kwa nguvu, nayo ndiyo siku anayolihitaji.

Kwa hiyo gari ipandishwe kwenye shimo la gereji au ijekiwe vizuri na kuwekewa nguzo, na mnunuzi ashuke mwenyewe na kurunzi na bisibisi. Agonge chuma kwa mpini. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilichooza hutoa sauti nzito, na ncha ya bisibisi ikisukumwa huzama. Rangi nyeusi ya lami iliyopakwa juzi chini ya gari nzima ni sababu ya kuuliza zaidi, wala si sababu ya kufurahi, maana hupakwa ili kulinda na hupakwa pia ili kuficha. Prado na ndugu zake wenye chesisi ya peke yake waangaliwe hasa nyuma, chesisi inapopinda juu ya ekseli, ambapo mchanga na maji hukaa ndani ya chuma kisichoonekana. Chesisi iliyochomelewa viraka hapo isinunuliwe kwa bei yoyote na mtu mwenye watoto.

Anayeagiza mwenyewe kutoka Japani ana chombo ambacho mnunuzi wa mtaani hana: karatasi ya mnada. Gari nyingi za kuuzwa nje hupita kwenye minada, na mkaguzi wa mnada huandika alama ya jumla pamoja na mchoro wa gari wenye herufi. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, XX ni sehemu iliyobadilishwa. Mnunuzi wa Unguja atafute kwanza S, ambayo ni kutu, na C, ambayo ni kutu iliyokwisha kula chuma. Alama ya 4 au 4.5 ni gari safi kwa umri wake. R au RA maana yake gari iligongwa mpaka mwili wake ukatengenezwa. Muuzaji akisema karatasi haipo, aulizwe kwa nini haipo. Na aombwe picha za chini ya gari, siyo za mbele na za viti peke yake.

Karatasi ya pili ni hati ya Japani ya kufuta usajili ili gari isafirishwe. Huko gari mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho huandikwa kwenye hati hiyo. Gari ya mwaka 2007 inayosomeka kilometa 48,000 inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa Wajapani wengi huenda kazini kwa treni, lakini iwe ya kweli kwa karatasi. Ikiwa hati haipo, basi vitazamwe vitu visivyorudishwa nyuma kwa kompyuta: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani mahali mkono unaposhika, na kiti cha dereva upande wa mlango.

Kuna kundi jingine sokoni ambalo linahitaji jicho la ziada, nalo ni gari zilizokuwa za kukodishwa kwa wageni. Escudo na RAV4 ndizo zinazoonekana sana katika biashara hiyo. Nyingine zimetunzwa vyema, kwa sababu mwenye nazo anaishi kwazo. Lakini zimeendeshwa na mamia ya watu wasioijua njia, zimeingizwa mchangani Kiwengwa na Bwejuu, na kuoshwa juu tu. Zikaguliwe chini kuliko gari nyingine yoyote.

Kwenye majina, ushauri wa mtaani ni mfupi: nunua Toyota. Una ukweli ndani yake, kwani spea zinapatikana mjini, na zisizopatikana hutoka Kariakoo kwa boti ya kesho. Ila jina hilo limepandisha bei za RAV4 kupita thamani ya baadhi yake, na si kila RAV4 ni sawa. Ile ya kizazi cha pili, ya 2000 hadi 2005, yenye injini ya lita 2.0 ya soko la Japani, 1AZ-FSE, inatumia mfumo wa D-4. Petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Mfumo huo hauvumilii mafuta machafu, na kwa kuwa petroli haipiti juu ya vali za kuingiza hewa, haziosheki, zinajaa masizi. Injini ikiwa inatetemeka gari iliposimama, au inachelewa kuwaka asubuhi, matengenezo yake yanaweza kula bajeti ya mwaka. Iliyo safi ipo, lakini inunuliwe na anayejua fundi wa D-4 kwa jina.

Kizazi cha tatu, kuanzia mwishoni mwa 2005, kina injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, isiyo na D-4. Ni gari nzuri ya familia, na injini hiyo hiyo imo katika Vanguard, katika Harrier nyingi na katika Kluger za lita 2.4, hivyo fundi yeyote anaijua. Ila yake ni moja na inafahamika duniani: nyingi za miaka ya 2006 mpaka 2009 hivi hula oili kupitia ringi za pistoni. Nchini Marekani Toyota waliongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo kwa RAV4 za 2006 hadi 2008 na Camry za 2007 hadi 2009. Dawa yake kwa mnunuzi ni uvumilivu. Avute kijiti cha oili kabla injini haijawashwa, amuulize mwenye gari mara ya mwisho kuongeza oili ilikuwa lini, amwombe fundi afungue plagi zitazamwe, kisha mtu asimame nyuma ya gari wakati dereva anakanyaga baada ya kuiacha imesimama dakika tano. Moshi wa bluu unaotoka hapo ni jibu.

Suzuki Escudo ya kizazi kilichoanza 2005 inastahili heshima zaidi kuliko inayopewa. Ya lita 2.0 ina injini ya J20A yenye cheni, haina mkanda wa kubadilisha; giaboksi yake ya otomatiki ni ya gia nne za kawaida; na mwili wake umejengwa pamoja na fremu ya ngazi ndani yake, ndiyo maana inastahimili njia za mawe. Inakunywa mafuta kuliko RAV4 na buti yake ni ndogo. Lakini Escudo yenye tumbo safi ni bora kuliko RAV4 yenye kutu, na kwa kawaida hupatikana kwa pesa pungufu. Kwa familia ya watu wanne ya mjini, Rush ya lita 1.5, iliyotengenezwa 2006 hadi 2016, ni chaguo lisilo na makuu: nyembamba, imeinuka, mafuta kidogo. Ikijazwa watu watano na mizigo itasikika ikihema, na hiyo ndiyo kasoro ya kuipima kabla.

Nissan X-Trail za kabla ya T32 ziko mbili tofauti kabisa, na dalali mara nyingi huzitaja kwa jina moja. T30, ya 2000 mpaka 2007, ya lita 2.0 ina otomatiki ya kawaida. Inajulikana kwa sensa za kamshafti na krenki ambazo zikifa gari huzima njiani, lakini sensa ni spea ya kubadilisha asubuhi moja. T31, ya 2007 mpaka 2013, ina giaboksi ya CVT, isiyo na gia bali mkanda wa chuma kati ya puli mbili. CVT haipendi joto wala oili isiyo yake. Ikiwa mwenye gari hajui lini oili ya giaboksi ilibadilishwa na ilikuwa ya aina gani, gari hiyo ijaribiwe kwa nusu saa kamili mpaka ipate moto. Ikianza kutetemeka inapoondoka, au injini ikapiga kelele huku mwendo hauongezeki, mnunuzi aage kwa heshima. Kuichukua kwa bei ya chini huku akitumai kubadilisha oili ni kujipa matumaini ambayo giaboksi haitayatimiza.

Honda CR-V nyingi za miaka ya 2000 zina injini madhubuti za cheni, za lita 2.0 na 2.4. Zipigwe kona kali kwa kurudi nyuma: mngurumo kutoka difu ya nyuma mara nyingi ni oili iliyochoka, na Honda wana oili yao maalumu kwa hiyo difu. Subaru Forester zenye injini za EJ zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kwenye kilometa 100,000 na gasketi za silinda hedi zenye sifa ya kuvuja. Ni gari ya mwenye fundi wa Subaru, si ya kila mtu. Prado ya petroli ya lita 2.7 ni ngumu na hubeba watu saba hadi wanane, ila ni nzito kwa injini hiyo. Hesabu iwekwe wazi: Nungwi kwenda na kurudi kutoka mjini ni kama kilometa 120. Gari inayokwenda kilometa 10 kwa lita itatumia lita 12. Inayokwenda 7 itatumia 17. Mnunuzi azidishe kwa bei ambayo ZURA huitangaza kila mwezi, kisha kwa safari zake.

Na kwa nini petroli, wakati dizeli hunywa kidogo? Kwa sababu safari za hapa ni fupi. Dizeli za kisasa, mfano Mazda CX-5 ya lita 2.2, zina chujio la moshi linalojisafisha gari inapokimbia kwa muda mrefu bila kusimama, na safari ya Mbweni hadi Malindi haitoi nafasi hiyo.

Joto la injini lina hadithi yake Unguja. Kisiwa ni cha mawe ya chokaa, na maji ya visima vingi ni magumu. Anayeongeza maji ya kisima kwenye rejeta miaka miwili mfululizo hujenga magaga ndani ya mabomba membamba, na siku ya foleni gari inachemsha. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi. Maji yanayotakiwa ni ya rangi, safi, ya dawa ya rejeta. Yenye rangi ya chai au kutu yanaeleza jinsi gari ilivyotunzwa kuliko maneno ya mwenye nayo. Kifuniko cha oili kikiwa na utando mweupe kama maziwa, maji yameingia kwenye oili na mazungumzo yaishie hapo.

Jaribio la barabarani lisifanywe kwa kuzunguka mtaa. Muuzaji aambiwe tangu usiku asiwashe injini asubuhi, na mnunuzi akifika aguse boneti: iwe baridi. Safari ianzie Mnazi Mmoja, ipite Michenzani na Amani kwenye msongamano, AC ikiwa imewashwa, jicho likiwa kwenye mshale wa joto. AC inayopoza gari ikitembea lakini ikatoa vuguvugu inaposimama ina shida ya feni au ya gesi. Baada ya Mwanakwerekwe njia hufunguka kuelekea Tunguu. Hapo gari ifike kilometa 80 kwa saa na usukani uachwe sekunde moja pahala pasipo na gari nyingine, kuona kama inavuta upande. Breki zikanyagwe kwa nguvu mara moja. Msitu wa Jozani una matuta yaliyowekwa kulinda kima punju, na ni bora kuliko mashine yoyote ya gereji kwa kusikiliza bushi, bolijoini na shokapu: vioo vifungwe, redio izimwe, na gari ipande tuta moja moja. Ikiwezekana, wakati wa kurudi iingizwe njia ya mawe kwa dakika chache. Huo ni mwendo wa kilometa 70 kwenda na kurudi, na muuzaji asiyekubali huenda anajua sababu.

Gari iliyozama majini wakati wa masika haijitangazi. Mkanda wa usalama uvutwe mpaka mwisho; mstari wa tope hubaki ndani ambako mwosha gari hafiki. Zulia liinuliwe, reli za viti zitazamwe kama zimeota kutu, na taa za mbele kama zina ukungu ndani.

Kuhusu watoto, kuna suala ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoomba ulinzi wa kufilisika Juni 2017, iliuza vilipuzi vya eabegi vilivyowekwa kwenye mamilioni ya gari za makampuni mengi. Unga wake wa amonia naitreti huharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Eabegi ikifunguka, chupa yake ya chuma inaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa abiria. Nchini Marekani mikoa ya joto na unyevunyevu, kama Florida, ndiyo iliyopewa kipaumbele katika kubadilishiwa, na watu walikufa pia Malaysia. Hali ya hewa ya Unguja ni ya namna hiyo hiyo mwaka mzima. Miongoni mwa zilizoitwa kurudi ni CR-V, X-Trail na RAV4 za miaka ya mwanzo ya 2000. Toyota, Honda na Nissan za Japani zina kurasa za intaneti ambapo namba ya chesisi huonyesha kama kazi ilifanywa, na anayeagiza gari anaweza kumtaka muuzaji amtumie jibu hilo kabla hajalipa. Kwa gari iliyokwisha kuwapo Unguja, mnunuzi aangalie mwenyewe, na mtoto asikae kiti cha mbele mpaka ajue.

Mkanda wa kiti cha kati nyuma nao uangaliwe. Gari nyingi za zamani zina wa kiunoni tu hapo, na mtoto hukaa hapo kila siku. Tairi zina namba nne ubavuni: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi iliyokaa juani miaka mingi hupasuka hata kama meno yake ni mapya.

Fundi awe wa mnunuzi, asiwe wa dalali. Alipwe kabla ya kukagua, na alipwe kiasi hicho hicho hata akisema gari isinunuliwe, ili asiwe na sababu ya kupendelea jibu moja. Dalali atapiga simu: "Sheikh, fanya haraka, kuna mtu wa Fumba anakuja na pesa kesho asubuhi." Jibu ni moja: "Ahsante, kaka. Akichelewa nipigie." Gari hazijaisha Unguja.

Karatasi hazichukui muda mrefu zikiwa sawa. Gari ya Zanzibar ina namba ya Z na usajili wake uko ZRA. Ya Bara ina namba ya T na iko TRA. Anayeona gari ya bei nzuri Dar es Salaam na kutaka kuivusha kwa Azam Sealink aende kwanza kuuliza, kwa maandishi, kodi na taratibu za kuihamishia usajili huku, kwa sababu kodi za pande mbili hazilingani na hubadilika bajeti zinaposomwa. Anayeagiza nje apate hesabu ya wakala wa forodha kabla ya kutuma pesa Japani; bei ya kwenye mtandao ni ya gari na meli, kodi haimo. Kwa gari ya mtu, namba ya chesisi kwenye kadi ilingane na ya kwenye kibati na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Kadi iwe halisi. Kama mwenye gari anasema kadi iko benki, basi gari bado ni ya benki. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, pesa zipite benki, na umiliki ubadilishwe wiki hiyo hiyo, kwani faini na ajali zitamfuata aliyeandikwa kwenye kadi.

Mnunuzi asimalize akiba yote siku ya kulipa. Abakishe kiasi cha mwezi wa kwanza: oili ya injini na ya giaboksi, vichujio, dawa ya rejeta baada ya kuoshwa, maji ya breki, na betri ikiwa imechoka. Kisha gari ioshwe chini kwa maji baridi yenye nguvu, siyo ya kisima cha chumvi cha pwani, iachwe ikauke siku mbili, na ipuliziwe dawa ya kuzuia kutu ndani ya madigadi na kwenye mashimo ya fremu. Oili chafu ambayo wengine huipuliza badala yake huozesha bushi za mpira. Familia zinazolaza gari mbele ya bahari ziioshe chini kila wiki mbili wakati wa kaskazi na wa kusi, na dawa irudiwe kila Juni, mvua za masika zikisha na tope lililojificha juu ya madigadi likiwa limetolewa.